Tuliomba ruhusa ya uso, tukasahau kiolezo: kisa cha kumrikodi fundi wa milango Mombasa

Hiki kisa nakiandika kwa ruhusa ya fundi mwenyewe. Aliniambia "andika, lakini nisijulikane", kwa hivyo jina lake halimo, mtaa haumo, hesabu kadhaa nimezibadilisha, na lile ua la nakshi yake ambalo ndo kiini cha maneno yote haya nimelieleza kwa namna ambayo hata ukitaka huwezi kulichora. Naandika manake kila wiki nikipita Mji wa Kale naona vijana na simu zao wamemzunguka fundi, wa makubadhi, wa kofia, wa mbao, na naona wanaelekea pale pale tulipojikwaa sisi.

## Usuli

Fundi yuko kwenye miaka sitini na kitu. Karakana yake ni chumba kimoja cha chini ambacho ukipita na tuktuk hukioni kabisa, mpaka upite kwa miguu usikie nyundo. Anachonga milango ya Kiswahili, ile ya vipande viwili inayofunguka katikati, na kwa kuwa siku hizi si kila anayejenga anataka mlango kama huo anachonga pia fremu za vioo, masanduku na vichwa vya vitanda. Kazi alifundishwa na baba'ke. Mbao anayoipenda ni bambakofi, lakini bambakofi imekuwa ghali na ya kutafutwa, hasa tangu serikali ilipopiga marufuku kukata miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, kwa hivyo vitu vidogo anavifanya kwa mwembe na milango kwa mvule, mteja akiwa na pesa.

Kwa asiyeijua milango hii: katikati kuna mti umesimama, unaitwa mfaa, umepigiliwa kwenye kipande kimoja, na ukifunga mlango ndo unaoziba ule ufa. Kando kuna miimo, juu na chini kuna vizingiti. Nakshi zinajaa kwenye miimo na kizingiti cha juu, lakini mfaa ndo uko mbele ya macho ya mgeni anapobisha hodi, na mafundi wengi hapo ndo wanapojionyesha wao ni nani.

Aliyetupeleka ni mpwa wake, kijana wa miaka 24, ambaye anajifunza kazi kwa mjomba'ke na alikuwa amechoka kuona siku zinapita hakuna mteja. Yeye alitaka mjomba aonekane. Sisi tulikuwa watatu, mimi nashika kamera, mwenzangu anashughulika na sauti, na dada mmoja ndo anaediti. Tulitaka kufanya mfululizo wa kazi za mikono za pwani, hakuna aliyetutuma wala kutulipa, na nadhani hiyo ndo iliyotufanya tujione wasafi toka mwanzo. Mtu asiyelipwa hujiona hawezi kumdhulumu mtu.

Makubaliano tuliyafanya kibarazani, na kahawa. Tulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja tuliyoitoa kwenye intaneti, ya Kiingereza, nikamsomea juu juu kwa Kiswahili huku kahawa ikipoa. Tulimuuliza vitu vitatu, uso, sauti na jina. Akasema uso sawa, sauti sawa, jina hapana. Akatia sahihi. Tukakubaliana tumlipe shilingi 5,000 kwa siku kwa siku tatu, kwa sababu tukiwa pale kazi yake itachelewa na mteja wa mlango alikuwa anasubiri. Hilo la malipo mpaka leo nasema tulifanya sawa, kuna watu wanadhani kumrikodi mtu ni kumfanyia hisani.

## Siku tatu za kushuti

Siku ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Tulikuja na taa mbili, tripodi, reli ya kuteleza kamera, na yule wa sauti na mzigo wake, chumba kikajaa hata pa kuweka mguu hakuna. Fundi akavaa kanzu mpya. Akaketi wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, akawa anagonga patasi polepole akitutazama. Hakuwa anachonga, alikuwa anaigiza kuchonga, na ukiitazama ile picha unaona mkono unashuka lakini bega halifanyi kazi.

Halafu kulikuwa na redio. Redio yake iko juu ya rafu, inapiga taarabu toka asubuhi. Mtu wa sauti akasema redio izimwe, na kwa kanuni za kazi yake ana haki, manake ukikata klipu katikati ya wimbo kila mtu anasikia. Tukazima. Baada ya nusu saa fundi akatoboa mahali hakutakiwa kutoboa, ubao ukaingia chipu, akatukana kidogo, akasema "Niwashieni redio yangu, mwaniharibia mkono." Kumbe yule mzee anagonga kwa mapigo ya ngoma za ule muziki, sisi tulikuwa tumemnyang'anya saa yake. Tukaiwasha. Tukaamua arikodiwe dakika tano tano bila redio kwa ajili ya sauti safi ya patasi, na kwingine kote redio iendelee. Uamuzi ulikuwa mzuri kwa kazi yake na mbaya kwa akaunti yetu, mtaona.

Kitu kingine cha siku ya kwanza, na hiki kiwafae wanaotumia simu: chumba kina taa ile ndefu ya tyubu. Simu nyingi zinarikodi fremu 30 kwa sekunde, na umeme wetu Kenya ni wa hertz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo ukirikodi chini ya hiyo tyubu picha inaweza kucheza, mistari mieusi inapanda na kushuka. Karibu theluthi ya klipu za siku hiyo tulizitupa. Siku ya pili tukaweka fremu 25, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) moja kwa hamsini ya sekunde, mistari ikaisha. Na zile taa zetu tukaziacha nyumbani.

Siku ya pili ndo ilikuwa siku. Tulienda saa mbili asubuhi, tukaketi, hatukutoa kamera. Tukala mahamri na mbaazi, akatuuliza habari za wazee wetu, akagundua anamjua babu wa yule dada, basi, ikawa sisi ni wanawe. Kufika saa tatu jua linaingia mlangoni, linalala juu ya ubao kwa ubavu, na hapo kila mkato unaonekana kina chake, kivuli kimoja kwa kila mfereji, kitu ambacho taa zetu za mbele zilikuwa zinakifuta. Nuru hiyo inadumu kama saa mbili tu. Kamera moja, mimi nimechuchumaa pembeni, maiki ndogo imebanwa kwenye shati lake la kazi (kanzu mpya alishaivua). Hapo bega likaanza kufanya kazi. Ukisikiliza ile sauti, ile ya patasi yenye makali yaliyopinda inavyoingia kwenye mvule, kwanza krr, halafu kimya, halafu ganda linadondoka. Mimi nimerikodi harusi nyingi na mikutano ya wanasiasa, sijapata sauti kama ile.

Siku ya tatu aliamua kutuonyesha anavyoanza. Akatoa kutoka kwenye kasha kiolezo cha bati, kimekatwakatwa maua, kimezeeka mpaka kingo zimekuwa nyeusi. Kiolezo ni kile unachokilaza juu ya ubao ukapitisha penseli kwenye matundu yake, ndo unapata mchoro wa kufuata. Cha kwake alikikata baba'ke kwa mkasi wa bati. Akakilaza juu ya mti wa mfaa, akaweka na utepe wa kupimia pembeni. Mimi nikaona picha ya maisha. Nikapanda kwenye stuli, nikashika kamera juu kabisa, sawasawa, bila kuinama hata kidogo, kila ua liko kwenye fokasi kutoka kona mpaka kona, na namba za utepe zinasomeka. Nilijisifu. Nilimwonyesha mwenzangu pale pale.

Hakuna aliyeuliza chochote. Fundi alikuwa amekitoa mwenyewe, na fomu ilikuwa na sahihi.

## Kuediti na kuposti

Tulikuwa na saa 11 hivi za picha za 4K, karibu gigabaiti 500, tukaziweka kwenye diski mbili nyumba mbili tofauti. Dada wa kuediti alitoa filamu ya dakika 12, nzuri, ya utulivu, ya kuweka YouTube. Lakini tulikubaliana kwanza itoke klipu fupi ya TikTok kuwavuta watu, na klipu hiyo ya sekunde 47 ndo iliyobeba maamuzi yetu yote mabovu.

La kwanza, kuchonga tulikuharakisha mara nane. Sababu ilikuwa ya kawaida tu, watu hawana subira, sekunde tatu za kwanza zisipowashika wamepita. La pili, ile picha ya juu ya kiolezo tuliiweka mwanzoni, sekunde sita nzima, imetulia, kwa sababu ndo ilikuwa picha nzuri kuliko zote. La tatu, maelezo ya chini yalisema "siri ya milango ya Mombasa". Nikiyasoma saa hii naona aibu, yaani tuliandika neno siri na bado hatukushtuka.

Mpwa aliiona klipu kabla hatujaiposti, akaipenda sana, akaomba namba yake ya simu iwekwe. Fundi mwenyewe hakuiona. Tulisema mpwa atamwonyesha. Mpwa alidhani tumeshamwonyesha sisi.

## Yaliyofuata

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Watazamaji zaidi ya laki tatu, komenti za mashaallah kutoka Muscat mpaka Minnesota, na simu ya mpwa ikawa hailali. Alihesabu zaidi ya simu sitini. Waliofika karakana ni wanne. Aliyeagiza ni mmoja, fremu ya kioo.

Kwa nini simu sitini zizae fremu moja? Mpwa alituambia mazungumzo yalivyokuwa. Mtu anapiga, anauliza mlango ni pesa ngapi, anaambiwa laki na themanini na wiki sita mpaka saba, anasema "Wiki sita? Si nimeona pale anamaliza kwa dakika?" Wengine walisema kwa utani, wengine hawakuwa na utani. Kwa hivyo ile kuharakisha mara nane ilikuwa imemwambia kila mtazamaji kwamba kazi hii ni ya haraka, halafu tukashangaa wanataka bei ya kazi ya haraka. Fundi alipoiona hatimaye kwenye simu ya jirani alisema neno moja tu, "Mumenifanya cherehani."

Kisha wakaanza kuja wenye simu. Vijana wa akaunti nyingine, watalii wanaotoka Fort Jesus na mwongozaji wao, wanasimama mlangoni wanarikodi bila hata salamu. Wengine wanamwambia "Mzee, rudia ile." Kuna siku alifunga mlango adhuhuri hakuufungua tena mpaka kesho yake.

Mwezi na siku kadhaa baadaye mpwa akatutumia picha kwenye WhatsApp, bila maneno. Ilikuwa duka la fanicha upande wa bara, nje wameegemeza mlango mpya, mfaa umejaa nakshi. Nikakuza picha. Ilikuwa kazi ya mashine ya kompyuta, unaijua kwa sababu kona za ndani za kila ua zimekuwa za mviringo, ile ncha inazunguka kwa hiyo haiwezi kuingia pembe kali kama patasi. Lakini ua lilikuwa lile lile. Kwanza nikajiambia maua yote ya milango yanafanana, nani ana hati ya ua? Wote wanachonga minyororo, wote wanachonga yungiyungi.

Kisha mpwa akaandika: hesabu majani.

Kiolezo cha baba'ke fundi kina kosa. Maua yote yana majani manane, isipokuwa moja ambalo lina saba, kwa sababu mkasi ulimteleza, majani mawili yakaungana yakawa moja pana. Angeweza kukata bati jingine, hakukata. Kila mlango uliotoka karakana ile una ua moja lenye jani pana kwenye mfaa, na wazee wa Mji wa Kale wanaotambua mlango wa nani wanatafuta hilo tu. Sisi tuliopiga ile picha ya juu hatukujua, hatukuliona hata kwenye 4K. Mlango wa mashine ulikuwa nalo, mahali pake, na vipimo vyake. Mtu alisimamisha klipu yetu, akaipiga picha, akafuata mchoro kwenye kompyuta, na saizi hakuhitaji kubahatisha manake utepe ulikuwa pembeni unasomeka.

## Kibarazani mara ya pili

Fundi alituita baada ya swala ya alasiri. Tulikwenda tumejiandaa kupigiwa kelele, hakupiga. Tulimwamkia, akaitikia, akasema ndooni mketi, akaagiza kahawa. Halafu akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema: "Uso wangu mwauombea ruhusa. Uso huu kila mtu mtaani ameuona tangu haujaota mvi. Kiolezo kile mke wangu hajakishika."

Mwenzangu akajaribu kusema "Lakini ami, ulikitoa mwenyewe." Akajibu: "Niliwaonyesha nyinyi. Mulikuwa mumeketi hapa, mumekula hapa." Ndo hapo nikaelewa kwamba kwake yeye kulikuwa na watu watatu chumbani siku ile. Kamera hakuihesabu kama watu laki tatu, na ni nani angempa hiyo hesabu kama si sisi?

Tukarudi kujadiliana wenyewe na tuligombana, sitaficha. Mmoja wetu alisema klipu ibaki, mchoro umeshaibiwa, kuifuta sasa ni kupoteza watazamaji bila kumrudishia mzee chochote. Hoja hiyo si ya kijinga. Lakini mzee alikuwa ameomba, na mimi nilisema hatuwezi kuanza kupima ombi lake kwa faida yetu. Tukafuta ya TikTok moja kwa moja, manake huko huwezi kubadilisha video iliyokwisha panda. Ya YouTube, ile filamu ya dakika 12 ambayo nayo ilikuwa imeshapanda, tulikata ile sehemu ya kiolezo kwa kutumia editi yao ya ndani, kwa hiyo linki ikabaki ile ile. Kurasa tatu zilizokuwa zimeiiba klipu tuliziripoti, mbili zikatolewa. Zilizoko kwenye stetasi na magrupu ya watu, hizo zimekwenda na maji.

Sheria tuliiuliza pia, mpwa ana rafiki wakili. Hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya sanaa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na baba'ke fundi, aliyekata lile bati, alifariki miaka ya tisini mwanzoni, kwa hivyo kwa karatasi ulinzi bado upo. Kuna pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na tamaduni, inayotaka ridhaa ya wenyewe kabla ya kuyatumia. Na sheria ya data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, watu wameanza kuiogopa kidogo tangu 2023 klabu moja ya Nairobi ilipotozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini. Lakini tazama, hiyo ya data inalinda uso. Tena uso. Kwa ua angelazimika kwenda mahakamani, athibitishe baba'ke ndo alilitunga si kulirithi, alipe wakili pesa ya milango miwili. Fundi alicheka. "Nikashtaki jani?" Akaliacha. Mpwa alikwenda kwenye lile duka kuongea nao kwa adabu, wakamwambia muundo waliupata intaneti, na intaneti si ya mtu.

## Rikodi ya pili

Miezi mitano hivi baadaye fundi alinipigia simu mwenyewe. Alitaka nimrikodi tena, mlango mzima toka ubao mbichi mpaka msasa wa mwisho, lakini isiende popote, ni ya mpwa na vijana wawili wanaojifunza. Alisema macho yake yanapungua.

Masharti alitoa yeye. Kamera akaiweka yeye, nyuma ya bega lake la kulia, pale ambapo mwanagenzi husimama. Mimi peke yangu nisingepaweka pale, fremu yake ni mbaya, nusu ya picha ni shingo yake. Lakini ukiitazama unajua mkono unatoka wapi, unaona anavyogeuza ubao badala ya kugeuza patasi, kitu ambacho kwenye picha zangu nzuri za mbele hakionekani hata kidogo. Redio inapiga. Akinoa, tunarikodi kunoa, na kunoa kunakula muda, anapitisha patasi kwenye kinoo na mafuta, anajaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, anarudia. Siku za kwanza nilipoona anainuka kwenda kunoa nilikuwa nazima kamera kuokoa nafasi ya kadi. Mpwa akaniambia kunoa ndo kunakomshinda.

Ilichukua wiki saba, mimi nikienda siku ninazoweza na siku nyingine mpwa anabonyeza mwenyewe. Hatukuediti, tulipanga faili kwa siku na kwa kazi tu, "randa", "kupima", "kuchora", "mfaa siku ya pili". Diski moja iko kwa fundi, moja kwa mpwa. Mimi sina nakala, na hilo lilikuwa sharti lake la mwisho.

## Uchambuzi

Nikianza na yaliyofaa: malipo ya siku, kuketi kabla ya kutoa kamera, nuru ya mlangoni badala ya taa, kamera moja badala ya mzigo. Haya yalifanya kazi mara zote mbili na sioni sababu ya kuyarefusha.

Kosa watu wengi wanaliona kuwa fomu ilikuwa ya Kiingereza. Ni kweli, ni aibu. Lakini ingekuwa ya Kiswahili safi bado ingeuliza uso, sauti na jina, manake fomu zile zimetungwa na watu wanaorikodi waigizaji na wateja wa matangazo, ambao mali yao ni uso. Mali ya fundi iko kwingine. Kwa huyu ilikuwa kwenye kipande cha bati. Kwa fundi wa kofia huenda ni mchoro wa nakshi kabla ya kushonwa, kwa mjenzi wa jahazi huenda ni vipimo alivyonavyo kichwani, kwa mpishi ni mkono wa viungo. Huwezi kujua mpaka uulize, na swali ambalo sasa nalitumia ni la kawaida kabisa: "Kuna kitu humu ndani hungependa fundi mwenzako akione?" Nimeshaliuliza mara kadhaa tangu hapo, na kila mara mtu ananyamaza kidogo, halafu anasimama kwenda kukifunika.

La pili ni mpwa. Tulimfanya mdomo wa mjomba'ke kwa kuwa alikuwa rika letu na anaongea lugha yetu ya simu. Alikuwa na nia njema na alikuwa na njaa ya wateja, na vitu hivi viwili vikikaa pamoja haviwezi kusema hapana. Klipu ilikuwa ionwe na fundi, kwenye kioo kikubwa, na aambiwe hii wataiona watu wangapi na wanaweza kuisimamisha wakaipiga picha. Hiki cha kusimamisha ndo muhimu. Mzee anajua televisheni, na televisheni ya ujana wake ilikuwa inapita, ukikosa umekosa.

Kuharakisha sitasema ni haramu. Ila ukiharakisha kazi ya mtu anayeuza muda wake, weka mahali fulani hesabu ya siku. Kwenye filamu ya dakika 12 tuliongeza baadaye maandishi, "siku ya 1", "siku ya 19", "siku ya 44", na simu zilizokuja kupitia ile filamu zilikuwa chache sana, nane tu, lakini hakuna hata moja iliyouliza kuhusu dakika. Mbili zilizaa milango.

Na ile redio. Wiki ya pili tu YouTube ilitupiga dai la hakimiliki kwa sababu ya taarabu iliyosikika nyuma, kama dakika tatu hivi kwa jumla, imefifia, imechanganyika na nyundo, na bado mtambo wao uliitambua na kumpa mwenye wimbo haki yake bila yeye kunyanyua kidole. Sikulalamika, wimbo si wangu. Ila nilikaa nikafikiria kwamba filamu hiyo moja ilikuwa na kazi za watu wawili ambao si sisi, na mmoja analindwa na mashine saa ishirini na nne kwa kuwa kazi yake ni sauti iliyosajiliwa, na mwingine jani lake pana lilipita kwenye mtambo ule ule na mtambo haukuona kitu. Kwa hiyo mlinzi pekee aliyekuwepo kwa upande wa jani ni aliyeshika kamera, na aliyeshika kamera alikuwa juu ya stuli anajisifu.

Filamu bado iko YouTube. Fundi anajua, aliikubali baada ya kukatwa. Pesa yake ndogo inakwenda kwa mwenye wimbo. Mpwa ameanza akaunti yake, anaposti mikono na maganda ya mbao tu, na kila klipu anampelekea mjomba'ke kwanza, ambaye huitazama mara mbili, mara ya pili akiisimamisha kwa kidole.